Kubonyeza mkono hutuliza kichefuchefu baada ya upasuaji

MGONJWA anapozinduka kutoka usingizi wa nusu kaputi, kidonda si adui yake wa pekee. Takriban watu watatu kati ya kila kumi wanaofanyiwa upasuaji huhisi kichefuchefu au kutapika katika saa 24 za kwanza.

Walio hatarini zaidi ni wanawake, watu ambao hutapika wakiwa safarini, wanaopewa dawa za maumivu za jamii ya mofini na, ajabu ya mambo, wale wasiovuta sigara. Anayebeba sifa hizo zote huenda asiepuke: kwa kundi lake idadi hukaribia wanane kati ya kumi.

Kutapika si usumbufu tu. Aliyeshonwa tumbo hukaza nyuzi kila anapojikamua, na mwili hupoteza maji.

Ipo njia ya kale ya Wachina isiyohitaji dawa wala sindano. Weka vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe, vikiwa vimebanana, juu ya mkunjo unaotenganisha kiganja na mkono, upande wa ndani. Panapoishia kidole cha tatu, katikati ya kano mbili zinazojitokeza ukikunja ngumi, ndipo mahali penyewe. Wachina hupaita Neiguan.

Hapo hubonyezwa kwa kidole gumba, kwa nguvu isiyoumiza, dakika chache kwa wakati mmoja, kisha hurudiwa. Wengine huvaa bangili ya kitambaa yenye kitufe kigumu kinachokandamiza hapo, hasa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Wataalamu wa Magharibi walianza kulichukulia jambo hili kwa uzito katika miaka ya themanini, wakati John Dundee, daktari wa usingizi mjini Belfast, alipolifanyia majaribio kwa sindano. Baadaye iligunduliwa kuwa mahali hapo pakitiwa ganzi, nafuu hutoweka. Hiyo ni dalili kwamba mishipa ya fahamu inahusika, wala si imani tupu ya mgonjwa.

Mwaka 2015, wachunguzi wa shirika la Cochrane walikusanya majaribio 59 yaliyohusisha watu 7,667. Ikilinganishwa na tiba bandia, kuchochea mahali hapo kulipunguza kichefuchefu kwa karibu thuluthi moja na kutapika kwa asilimia 40. Tofauti na dawa za kawaida za kuzuia kutapika haikuonekana. Hata hivyo, wachunguzi hao walikiri kuwa mengi ya majaribio hayo yalikuwa na kasoro, hivyo takwimu hizo zisichukuliwe kama neno la mwisho.

Madhara yake ni machache, kama vile ngozi kuwa nyekundu au kuvimba kidogo chini ya bangili. Mkono wenye sindano ya maji usiguswe. Tumia ule mwingine. Mgonjwa akiendelea kutapika huku tumbo likifura na hewa haitoki, aitiwe daktari mara moja, kwani huenda utumbo umeziba.