Gego Bovu la Mtoto wa Miaka Minne

Mtoto anaanza kutafuna upande mmoja. Chai ya moto anaikataa, usiku anaamka akilia ameshika shavu, na mama akimmulika kinywani kwa tochi ya simu anaona shimo jeusi kwenye gego. Katika nyumba nyingi jibu ni lile lile: hayo ni meno ya utotoni, yatang'oka yenyewe. Kweli yatang'oka, ila magego hayo hung'oka mtoto akiwa na miaka 9 hadi 12. Kumwambia wa miaka 4 asubiri ni kumwachia mateso ya miaka mingi.

Meno ya utotoni ni 20. La kwanza huchomoza karibu na miezi 6, na mtoto akifika miaka 3 huwa yametimia. Tabaka gumu la nje la jino la utotoni ni jembamba kuliko la jino la ukubwani, na kiini chake, penye neva na mishipa ya damu, hakiko mbali na uso wa jino. Bakteria wa kinywani wakila sukari hutoa tindikali, tindikali hiyo inalila jino, na ikishapenya haichelewi kufika kwenye kiini.

Wanaoumia mapema zaidi ni watoto wanaolazwa na chupa ya juisi, chai au maziwa yaliyotiwa sukari. Usingizini mate hupungua, kwa hiyo sukari hukaa juu ya meno hadi asubuhi. Huanza madoa meupe kama chaki karibu na ufizi wa meno ya mbele ya juu, kisha hudhurungi, kisha meno yanakatika. Wakati wa madoa meupe ndio wa kwenda kliniki, maana floridi bado inaweza kulirudishia jino nguvu.

Hata shimo likishatokea, kung'oa si hatua ya kwanza. Jino huzibwa, au hupakwa dawa ya maji yenye fedha na floridi ambayo huugeuza uozo kuwa mweusi na kuusimamisha. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Daktari Norna Hall wa Scotland alikuwa akivisha magego ya watoto kofia za chuma bila sindano wala kuchimba jino, na njia hiyo leo inaitwa kwa jina lake.

Lakini kiini kikifa, ufizi ukitoa kipele cha usaha, au jino likibaki kisiki, mara nyingi ni lazima litoke. Hapo kumng'oa mtoto jino ni kumwonea huruma. Chini ya jino hilo kuna chipukizi la jino la ukubwani, nalo linaweza kudhuriwa na usaha. Wazazi wengi hununua vidonge vya antibiotiki dukani, uvimbe unashuka, wiki chache baadaye unarudi, kwa sababu chanzo kimebaki pale pale. Uvimbe ukienea usoni au shingoni, mtoto akapata homa au akashindwa kumeza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa kawaida ganzi inatosha. Mdogo sana, au mwenye meno mengi mabovu, hulazwa kwa dawa ya usingizi hospitalini, naye hukaa bila kula kwa saa ambazo daktari atazitaja. Akishang'olewa, hung'ata pamba hadi damu ikatike, na mzazi amwangalie asitafune mdomo wake ukiwa bado na ganzi. Gego likitoka mapema, majirani zake husogea na kuziba njia ya jino lijalo, ndiyo maana daktari anaweza kuweka waya mdogo wa kushikilia nafasi.

Uozo huo usichanganywe na kile kinachoitwa meno ya plastiki au ya nailoni. Huko Tanzania, Uganda na kwingineko Afrika Mashariki, mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, wapo wanaompeleka kwa mganga akachimbe ufizi kutoa chipukizi za chonge zisizo na kosa lolote. Watoto wamepoteza damu na kupata maambukizi kwa ajili hiyo, na ugonjwa wenyewe hubaki bila kutibiwa.

Nchi tajiri nazo zina tatizo hili. Huko England, kuoza meno kumekuwa sababu kuu ya watoto wa miaka 5 hadi 9 kulazwa hospitalini. Mwaka 2018 Uingereza ilitoza kodi vinywaji vyenye sukari nyingi, na utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulikuta kwamba watoto na vijana waliolazwa ili kung'olewa meno yaliyooza walipungua kwa asilimia 12.

Nyumbani, mswaki uanze jino la kwanza linapotoka, dawa yenye floridi iwe kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, na baada ya hapo kama punje ya njegere. Mzazi ashike mswaki mwenyewe hadi mtoto afike kama miaka 7, na baada ya mswaki wa usiku mtoto anywe maji tu.