KIPANDIO CHA UMEME: KATA UMEME KABLA YA KUINGIZA MKONO

Ndugu mfanyakazi, leo ukurasa wa ufundi unazungumzia mashine ndogo inayokaa chini ya mlango wa gari. Ni kipandio cha umeme, yaani ngazi ya kidato kimoja au viwili ambayo hujitokeza yenyewe mlango unapofunguliwa, na kujikunja chini ya gari mlango unapofungwa. Utaikuta hasa kwenye gari-nyumba, gari lenye kitanda, jiko na choo, ambalo mwenyewe husafiri nalo na kulala humo. Vipandio vya aina hii hufungwa pia kwenye baadhi ya magari ya wagonjwa na mabasi madogo.

Pengine utauliza, gari la starehe linamhusu nini mkata miwa, mchuma chai au mfanyakazi wa kiwanda cha nguo? Linamhusu kwa sababu tatu. Kwanza, magari haya yanatengenezwa na wafanyakazi kama sisi. Pili, yanapita kwetu. Wasafiri kutoka Ulaya huyashusha bandarini au huja nayo kwa barabara, na yakiharibika hupelekwa kwa fundi aliye karibu, ambaye huenda ni fundi wa karakana ya shamba au ya kiwanda. Tatu, mashine inayotembea bila kungoja amri ya mkono huumiza watu kwa njia ile ile, iwe ni kipandio, mkanda wa kubebea magunia au mashine ya kukatia majani.

WANAOYATENGENEZA

Huko Marekani sehemu kubwa ya magari-nyumba hutoka katika wilaya ya Elkhart, jimbo la Indiana. Wafanyakazi wengi wa viwanda vya huko hawana chama, na wengi hulipwa kwa hesabu ya kazi iliyotoka, si kwa saa. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo ataelewa mara moja maana yake. Mtu akilipwa kwa hesabu, dakika anayotumia kurudi nyuma kukaza skrubu inatoka mfukoni mwake mwenyewe. Kwa hiyo, fundi, usiseme gari ni jipya hivyo waya hauwezi kuwa umelegea. Angalia kwanza.

JINSI KINAVYOFANYA KAZI

Kipandio kina sehemu tano za kukumbuka.

Ya kwanza ni umeme wenyewe. Ni wa volti 12 kutoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi na kurudi kwa waya wa bodi, ambao mafundi wengi huuita ethi.

Ya pili ni swichi ya mlango. Katika aina nyingi ni vipande viwili, kimoja kwenye mlango na kingine kwenye fremu. Cha mlangoni kina sumaku. Mlango ukifungwa, sumaku inakaribia na swichi inajua kwamba mlango umefungwa.

Ya tatu ni kisanduku cha kuongozea. Hicho hupokea habari za mlango na za swichi ya kuwashia injini, kisha huamua mota izunguke upande gani.

Ya nne ni mota na giya zake. Ukigeuza nyaya mbili za mota, inazunguka upande wa pili. Ndivyo mota moja inavyoweza kutoa na kukunja.

Ya tano ni mikono ya chuma na pini zake, zinazobeba kidato na mtu aliye juu yake.

Karibu na mlango ipo pia swichi ya kuzuia kipandio, ili kibaki nje wakati watu wanaingia na kutoka. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Katika aina nyingi, injini ikiwashwa na mlango umefungwa, kipandio hujikunja hata kama swichi hiyo imezimwa. Mtengenezaji alifanya hivyo kwa makusudi, dereva asije akaondoka na ngazi nje na kugonga watu au nguzo. Lakini kwa fundi aliye chini ya gari, swichi ya mlangoni si kinga.

KABLA YA KUGUSA

Katika karakana moja niliyofika kwa kazi ya chama, kijana msaidizi alikuwa amelala chini ya gari akikwangua matope kwenye kipandio, mlango ukiwa wazi. Mwenzake alipita, akaona mlango unamzuia njia, akaufunga. Kipandio kikajikunja na kumbana vidole viwili. Mwenye karakana akasema ni uzembe wa kijana. Kamati ya tawi ikauliza maswali matatu: Nani alimfundisha kazi hii? Tangazo la hatari liliwekwa wapi? Fyuzi ilikuwa kwa nani? Hakukuwa na jibu hata moja. Kijana alilipiwa matibabu, na tangu siku hiyo fyuzi hutolewa kabla mtu hajalala chini ya gari.

Basi ufuate utaratibu huu kila mara:

1. Simamisha gari mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, na weka kabari kwenye magurudumu.
2. Zima injini, toa ufunguo na uutie mfukoni mwako wewe unayefanya kazi.
3. Toa fyuzi ya kipandio, au fungua waya wa hasi wa betri. Fyuzi nayo ikae mfukoni mwako.
4. Andika kwenye kipande cha boksi: MTU YUKO CHINI, USIGUSE MLANGO. Kitundike kwenye kitasa.
5. Ikiwa gari limeinuliwa kwa jeki, usiingie chini mpaka liwekwe juu ya stendi imara.

Ukihitaji kurudisha umeme ili upime, toka chini kwanza na uwaambie wenzako.

KUTAFUTA KOSA

Fundi mwenye haraka hubadilisha mota kwanza, kwa sababu mota ndiyo inayoonekana. Mteja akirudi na kosa lile lile, bei ya mota inageuka kuwa ugomvi. Fundi mwenye utaratibu huanza kwenye betri na kufuata umeme mpaka mwisho.

Kipandio kisipotembea kabisa, pima betri. Betri nzuri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.0 imekwisha nguvu, na usilaumu kipandio. Kisha tazama fyuzi. Ikiwa imeungua, weka ya kipimo kile kile kilichoandikwa. Usiweke kubwa zaidi, na usifunge kipande cha waya mahali pake, kwani waya utawaka moto badala ya fyuzi. Fyuzi mpya nayo ikiungua, acha kubadilisha fyuzi, tafuta waya uliochubuka au mikono ya chuma iliyokwama.

Kipandio kikitetemeka, kikienda nusu na kusimama, au kikifanya kazi injini inapowaka tu, shuku udhaifu wa umeme. Injini inapowaka, jenereta huongeza volti kupita 13, ndiyo maana kipandio kinapata nguvu. Angalia waya wa ethi mahali unapofungwa kwenye chasi. Huko kuna maji, matope na kutu. Fungua nati, kwangua mpaka chuma king'ae, rudisha na ukaze. Kazi hiyo haina gharama ila jasho, na makosa mengi huishia hapo. Kumbuka pia kwamba mita inaweza kuonyesha volti 12 kwenye waya mbovu wakati hakuna mzigo. Pima wakati mota inajaribu kuzunguka, au tumia taa ya kupimia, nayo ikiwaka hafifu umeipata habari.

Kipandio kikibaki nje ingawa mlango umefungwa, au kikikataa kutoka, jaribu swichi ya mlango. Shika sumaku nyingine na uisogeze karibu na kipande cha kwenye fremu, mkono wako ukiwa mbali na kipandio. Kipandio kikitii, basi swichi ni nzima, ila mlango umelegea bawaba na vipande viwili havikaribiani tena. Rekebisha mlango au sogeza sumaku.

Kama hayo yote ni mazima, chomoa soketi ya mota na uipe mota umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya ndefu zenye fyuzi, kisha ugeuze nyaya. Usikizidishie muda, kipandio kikifika mwisho ondoa nyaya mara moja, kwani hapo kisanduku hakipo tena cha kukata umeme. Mota ikizunguka pande zote mbili, ni nzima, na kosa liko kwenye kisanduku au nyaya zake. Ikinguruma bila kidato kusogea, giya zimekatika meno au pini imetoka. Isipozunguka kabisa, sasa ndipo useme mota imekufa.

Ikiwa uko njiani na kipandio hakikunjiki, kata umeme, toa pini inayounganisha mota na mikono ya chuma, kikunje kwa mkono na ukifunge kwa waya mgumu au kamba imara kwenye fremu. Usiendeshe gari na kipandio kinachoning'inia.

MATUNZO

Adui wa kipandio ni matope, mchanga na chumvi. Kwa barabara zetu za vumbi, kisafishwe angalau mara moja kwa mwezi, na kila mara baada ya kuvuka matope. Tumia brashi na maji ya kawaida. Usielekeze mashine ya maji ya nguvu kwenye mota wala kwenye kisanduku, maji yataingia na kutu itaanza ndani.

Kikikauka, lainisha kila pini na kila kiungo. Usijaze grisi nzito, kwani hushika vumbi, na vumbi likichanganyika na grisi husaga chuma kama tupa. Tumia mafuta mepesi ya kupenya yasiyoondolewa na maji, yale aliyoyataja mtengenezaji, kisha futa yanayobaki. Kaza boliti zote. Tazama kama kuna ufa mahali palipochomelewa. Kidato kilichopinda kinyooshwe au kibadilishwe, maana kikipinda hukwama, kikikwama huunguza fyuzi na kuvunja giya.

Usisahau mtumiaji. Mtu anayetoka ndani hatazami chini. Mguu wake unaamini kwamba kidato kipo. Kwa hiyo kipandio kibovu kisiachwe bila ishara. Funga kitambaa chekundu mlangoni, na uweke chini sanduku imara la kukanyagia. Wala mtu asisimame juu ya kipandio kabla hakijafika mwisho wa safari yake.

HAKI YA FUNDI

Mwajiri akimkata fundi mshahara kwa sababu ya kipuri kilichoharibika, ndugu, jua kwamba Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo katika orodha hiyo. Mkataba Na. 155 wa mwaka 1981 unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asiadhibiwe. Unasema pia kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 Shirika hilo liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa kanuni na haki za msingi. Ulizeni tawini jinsi sheria ya nchi yenu inavyotimiza mikataba hiyo.

Kamati za matawi, fanyeni jambo moja mwezi huu. Zungukieni karakana na viwanda vyenu, mwandike kila mashine inayoweza kuanza yenyewe: kwa mlango, kwa sumaku, kwa saa au kwa swichi iliyo mbali. Pembeni ya kila moja mwandike umeme wake unakatwa wapi, na nani anashika fyuzi au ufunguo wakati mtu yuko ndani. Mahali msipopata jibu, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo na mwajiri.