UNATAKA MOYO SAFI? ANZA NA KILE ULICHOFICHA

Neno "mlokole" tumelizoea kama utani. Dada akikataa kwenda disko, mlokole. Kaka akikataa bia, mlokole. Wengi hatujui kuwa limetoka kwa Waganda, ambao kwao kulokoka ni kuokoka. Na lilipoanza halikuwa na habari na disko. Lilimhusu mtu anayekaa chini, anajichunguza na kusema ukweli wake wote.

Ilikuaje? Mwaka 1929 pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa wamechoshwa na Ukristo wa juujuu. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, alikokuwa akifanya kazi Dk. Church. Ukitoka Gahini kwenda mashariki unaufikia Mto Kagera, na ng'ambo yake ni Karagwe na Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Haikuchukua muda, uamsho ukaingia Tanganyika kwa upande huu wa kaskazini magharibi. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani (1977), alikuwa mtoto wa uamsho huo.

Hawakuishia kulia

Kilichowashangaza majirani si machozi. Watu walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani, wakawaendea waliokuwa hawasalimiani nao. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, Uganda, alipanda baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba msamaha mzungu aliyekuwa akimchukia. Waliita kutembea nuruni.

Sasa tuje kwetu

Karagwe na Kyerwa kahawa ndiyo hela, na kuna kitu kinaitwa butura: kuuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa ua tu, kwa bei ya kutupa. Chukulia baba ameuza kimyakimya. Mama anaendelea kupalilia shamba ambalo mavuno yake yana mwenyewe. Jumapili wote wako ibadani, wamependeza. Na aliyenunua naye yupo, pengine benchi la mbele.

Hebu jiulize, baba huyo aombe nini? Akisema "Bwana, nisamehe dhambi zangu zote," bado hajasema kitu. Hiyo "zote" ni pazia zuri sana la kujifichia! Moyo unaanza kusafishika siku anapotaja: niliuza, nilipata kiasi hiki, nilikificha kwa mke wangu. Mnunuzi naye ataje: nilijua wana shida ya ada, nikaitumia. Zakayo wa kwenye Injili hakuahidi kuwa mtu mzuri tu, alitaja na kiwango cha kurudisha: mara nne.

Wakatoliki, kama hawa wa Jimbo la Kayanga, huchunguza dhamiri kabla ya kitubio. Walutheri wa Dayosisi ya Karagwe wana sala yao ya toba. Njia zipo. Tatizo letu ni kupita humo haraka haraka kama mtu anayekwepa mvua.

Fanya hivi

Tafuta dakika 15 peke yako, simu mbali. Jiulize: ni jambo gani nisingependa mwenzangu alijue? Nani ameumia kwa ajili yake? Nina nini mkononi ambacho si changu? Jibu kwa majina na kiasi.

Lakini angalizo. Kujichunguza siyo kujisakama usiku kucha. Ukishalitaja, mkabidhi Mungu na uchukue hatua. Pia siyo kila jambo ni la kutangazwa mbele ya kanisa. Mwendee uliyemkosea. Na kama unahofia kupigwa, anza kwa padri, mchungaji au mtu mzima unayemwamini.

Inawezekana mwenzako akanuna wiki nzima. Inawezekana hela yenyewe ikarudi kidogo kidogo, debe kwa debe. Poa tu. Ndoa inayojua deni lake ina pa kuanzia, ila ile inayolalia siri inasubiri tu siku mnunuzi atakapokuja na magunia yake. Kazi kwako!