Kadi ya sauti: Kifaa kidogo kinachoweza kuifilisi studio

KATIKA mitaa mingi ya Dar es Salaam, kuanzia Sinza hadi Mbagala, studio ya muziki si lazima iwe jumba kubwa. Chumba kimoja cha kupanga, kompyuta, maikrofoni, spika mbili na godoro lililoegeshwa ukutani kupunguza mwangwi vinatosha kuanzia. Humo hurekodiwa vijana wa bongo fleva, kwaya za makanisa, waimbaji wa kaswida na wafanyabiashara wanaotaka tangazo la kupigwa kwenye gari lenye spika.

Biashara hiyo huuza muda. Msanii hulipia wimbo, lakini mwenye studio huhesabu saa. Studio yenye uwezo wa kurekodi wasanii wanne kwa siku, ikimpoteza mmoja kwa sababu sauti haiingii kwenye kompyuta, imepoteza robo ya mapato ya siku hiyo. Kodi ya chumba haipungui hata senti. Zaidi ya hapo, msanii aliyeondoka na hasira huwasimulia wenzake.

Mara nyingi kinachokwamisha kazi ni kadi ya sauti, na mara nyingi kadi yenyewe ni nzima. Kilichoharibika ni mpangilio wake. Asiyeijua tofauti hiyo hukimbilia Kariakoo kununua kadi nyingine, kisha tatizo lilelile humfuata hadi kwenye kadi mpya.

Kazi ya kadi

Maikrofoni hutoa umeme dhaifu unaopanda na kushuka kufuata sauti ya mwimbaji. Kompyuta haiujui umeme huo. Inajua namba tu. Kadi ya sauti huupima umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde na kuandika namba. Wakati wa kusikiliza, huzigeuza namba kuwa umeme unaokwenda kwenye spika. Kwa kipimo cha CD, vipimo hivyo ni 44,100 kwa kila sekunde.

Kompyuta nyingi huja na kadi ndogo ndani yake, inayotosha kusikiliza muziki na kuangalia filamu. Tundu lake la maikrofoni halikutengenezwa kwa maikrofoni za studio, na kwa kuwa kadi hiyo imebanana na vifaa vingine, hudaka kelele za umeme wa ndani ya kompyuta. Ndiyo maana prodyuza makini huanza na kadi ya nje inayounganishwa kwa kebo ya USB. Kwa anayeanza, kadi yenye matundu mawili ya kuingizia sauti inatosha: moja la mwimbaji, jingine la gitaa au kinanda.

Kuifunga kwa mara ya kwanza

Hatua ya kwanza ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi. Ichukuliwe kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kadi hiyo, wala si kwenye CD ya kuazima. Kwa watumiaji wa Windows, draiva inayotakiwa ni ya aina ya ASIO, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ili sauti isipite njia ndefu ndani ya kompyuta. Kadi isiyo na ASIO yake inaweza kusaidiwa na ASIO4ALL, inayotolewa bure.

Hatua ya pili ni kuiambia programu ya kurekodi, iwe FL Studio, Cubase au nyingine, itumie kadi hiyo. Hapa wengi hukosea. Kadi imefungwa vizuri na taa inawaka, lakini programu bado inasikiliza maikrofoni ya kompyuta ya mpakato.

Hatua ya tatu ni maikrofoni yenyewe. Maikrofoni ya kondensa huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi, na kadi nyingi zina kitufe chake. Kitufe kisipobonyezwa, maikrofoni hubaki bubu na fundi huambiwa imekufa. Maikrofoni za kawaida za jukwaani, kama Shure SM58, haziuhitaji umeme huo.

Mwisho ni kiwango cha sauti. Mwimbaji aimbe sehemu yenye nguvu kuliko zote, si kuhesabu moja, mbili, tatu kwa upole. Kipimo cha kwenye programu kicheze kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Sauti iliyoingia ndogo kidogo inaweza kuongezwa baadaye, lakini iliyogonga juu na kupasuka ni vigumu kuiokoa.

Sauti inapochelewa

Lalamiko kubwa la wasanii ni kujisikia kwenye hedfoni wakiwa wamechelewa. Chanzo ni bafa, yaani idadi ya vipimo ambavyo kompyuta hukusanya kabla ya kuvishughulikia. Bafa ni kama daladala inayosubiri ijae. Likiwa basi kubwa, abiria wa kwanza hukaa kituoni muda mrefu. Ikiwa Hiace ndogo, huondoka haraka, lakini dereva hurudi kituoni mara nyingi zaidi na huchoka upesi.

Kwa vipimo 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1,024 huchelewesha sauti kwa milisekunde 23. Huo ni karibu muda ambao sauti hutumia kusafiri mita nane hewani. Kwa kuwa sauti huingia na kutoka, ucheleweshaji huo hujirudia mara mbili. Bafa ya 128 huchelewesha kwa milisekunde tatu tu kwa kila upande, na mwimbaji hahisi kitu.

Kanuni ni rahisi: wakati wa kurekodi, bafa iwe ndogo, 128 au 256, wakati wa kuchanganya sauti, iongezwe hadi 1,024 ili kompyuta ipumue. Kadi nyingi za nje pia zina kitufe kinachompelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kupitia kompyuta.

Kukwaruza na kukatikakatika

Sauti ikikatikakatika, kompyuta imezidiwa. Bafa ipandishwe hatua moja kwanza. Tatizo likibaki, kadi ichomekwe kwenye tundu la USB la kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio kinachobeba pia kipanya, flashi na chaja ya simu. Wi-Fi izimwe wakati wa kurekodi, kwani draiva zake ni chanzo kinachojulikana cha mikwaruzo. Mpangilio wa umeme wa Windows utolewe kwenye kubana matumizi na kuwekwa kwenye nguvu kamili.

Mvumo wa umeme

Mvumo mzito usiokoma, hata pasipo mtu kuimba, mara nyingi hutoka kwenye umeme wa ukutani, ambao nchini una mizunguko 50 kwa sekunde. Jaribio lake halihitaji fundi. Chaja ya kompyuta ya mpakato ichomolewe, mashine itumie betri. Mvumo ukitoweka, kadi haina kosa.

Dawa ni kuchomeka kompyuta, spika na vifaa vingine kwenye ekstensheni moja, na kutumia kebo zenye nyaya tatu kati ya kadi na spika, kama vifaa vyote viwili vinazikubali. Kukata pini ya ethi ili mvumo uondoke ni hatari kwa maisha ya mwimbaji anayeshika maikrofoni, na haifai hata siku moja.

Wimbo unapokimbia

Kuna kosa jingine linalowashangaza wengi: wimbo unasikika haraka na mwembamba, kana kwamba mwimbaji amepungua umri. Hapo wimbo ulirekodiwa kwa vipimo 44,100 kwa sekunde, lakini kadi inaucheza kwa 48,000, kiwango kinachotumika sana kwenye video. Wimbo wa dakika tatu huisha sekunde 15 kabla ya wakati. Kadi na programu ziwekwe kiwango kimoja kabla kazi haijaanza.

Kimya kabisa

Pale sauti isipoingia kabisa, ukaguzi ufuate njia ambayo sauti hupita: maikrofoni, kebo yake, kitufe cha volti 48, kadi, kebo ya USB, draiva, kisha programu. Kebo hujaribiwa kwa kuweka nyingine ambayo inajulikana ni nzima. Kwenye Windows 10 na 11 kuna pia ruhusa ya programu kutumia maikrofoni, na ikizimwa, fundi anaweza kuhangaika siku nzima na kifaa kisicho na ubovu.

Jambo la msingi ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadili kebo, draiva na bafa kwa pamoja huenda akafanikiwa, lakini hatajua kilichomponya, na tatizo likirudi wiki ijayo ataanza upya mbele ya mteja.

Daftari la shilingi chache linatosha kuzuia hali hiyo. Mwenye studio aandike kiwango cha vipimo, bafa, toleo la draiva na tundu la USB siku ambayo kila kitu kinafanya kazi vizuri. Kisha kila asubuhi, nusu saa kabla ya mteja wa kwanza, arekodi sauti yake kwa dakika moja na kuisikiliza. Kama kuna kasoro, ni heri aigundue akiwa peke yake kuliko msanii akiwa ameshavaa hedfoni.