Umri, Ridhaa na Mpaka wa Busia (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia pale sheria ya Waingereza ilipotoka Bara Hindi ikatua Kenya na Uganda. Leo tuitazame hoja isiyokosekana kila mapenzi ya wanaume kwa wanaume yanapotajwa huku Busia, Tororo na Lunyo: umri. Mmoja ana mvi, mwenzake ndevu ndiyo kwanza zinaota. Basi mzee amemnunua kijana, na mjadala umekwisha.

Msichana wa miaka 22 akionekana na mwanamume wa miaka 55, watu wa mjini wana jina lake: sponsa. Watamcheka, watamsengenya wiki mbili tatu, kisha watanyamaza. Wakiwa wanaume wawili wenye tofauti hiyohiyo ya umri, hakuna anayecheka. Tunaambiwa kijana "ameingizwa". Sidharau hofu hiyo. Hali ya mpakani tunaijua, na kijana anayeshinda akibeba magunia ya mahindi juani anaweza kushawishiwa na mtu mwenye gari. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Gill Shepherd aliandika kuhusu Mombasa, akaonyesha jinsi mali na cheo vilivyokuwa na uzito katika mahusiano ya namna hii pwani. Ila mali na cheo vina uzito katika ndoa zetu pia, na mahari tunayahesabu mchana kweupe.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa makusudi. Mtoto si mpenzi wa mtu mzima. Kenya ilikwisha kusema hivyo katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, inayomlinda mvulana sawa na msichana hadi afikishe miaka 18. Uganda ilirekebisha Kanuni ya Adhabu mwaka 2007, na tangu hapo kosa la kunajisi halihusu wasichana peke yao. Kwa hiyo anayesema sheria dhidi ya mashoga ilihitajika ili kuwalinda wavulana anasahau kwamba ulinzi huo ulikuwepo. Ninaowazungumzia hapa ni watu wazima wawili.

Sasa twende Soroti, kwenye reli itokayo Tororo kupitia Mbale. Rais Museveni alitia saini Sheria ya Kupinga Ushoga mwezi Mei 2023. Agosti mwaka huohuo waendesha mashtaka walimfikisha mahakamani mtu wa kwanza kushtakiwa chini yake kwa "ushoga uliokithiri", kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Msomaji aliyezoea hadithi ya mzee mla vijana atadhani mshtakiwa alikuwa mkubwa wa umri. Alikuwa kijana wa miaka 20. Aliyetajwa kuwa mwathiriwa alikuwa mwanamume wa miaka 41. Kijana huyo alikaa rumande karibu mwaka mmoja kabla ya kupewa dhamana.

Siwezi kuuita mkasa huo mapenzi, wala hati ya mashtaka haikuhitaji kuuliza. Sheria ya 2023 inasema waziwazi kwamba ridhaa si utetezi. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Tofauti ya umri inatutia wasiwasi kwa sababu tunashuku kwamba mdogo hakukubali kwa hiari, kwamba alibanwa na njaa au cheo. Wasiwasi huo ni halali. Lakini swali lenyewe ni la ridhaa, na ridhaa ndiyo sheria hii imeikatalia kuingia mahakamani.

Tubuni mfano. Mchuuzi wa samaki wa Majanji, miaka 50, na fundi wa injini za mashua wa Port Victoria, miaka 26. Ziwa ni lilelile, wote wawili ni Wasamia, na hadi Aprili 1902 kingo zote mbili zilikuwa ndani ya Uganda. Wakilala Majanji, kila mmoja anakabiliwa na kifungo cha maisha. Wakilala Port Victoria, kifungu cha 162 cha Kenya kinawapa hadi miaka 14, na 21 pale ambapo mmoja hakuridhia. Angalau hapo ridhaa imetajwa. Sasa waache wazeeke pamoja. Sheria ya Uganda inahesabu pia kuwa ushoga uliokithiri tendo na mtu aliyepita miaka 75. Mchuuzi akifikisha miaka 76, yule fundi ana 52, na kosa lake limepanda kutoka maisha hadi kifo. Hajafanya jipya lolote ila kutomwacha mzee wake.

Upande wa pili ni mchungu zaidi. Tuseme kweli kijana amedhulumiwa: tajiri amemtumia, amempiga, amemnyima ujira aliomwahidi. Aende kituo gani cha polisi? Akifungua kinywa kueleza uhusiano ulivyoanza kwa hiari, amejishtaki. Tajiri analijua hilo. Matapeli wanalijua vilevile, ndiyo maana vitisho vya "nipe pesa au nikutangaze" vinawafuata wazee na vijana bila kubagua. Sheria iliyodai kumkinga mnyonge imemfunga mdomo yeye kwanza.

Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba mjini Kampala ilifuta vifungu vichache, kikiwemo kile cha kumlazimisha mtu kuripoti. Mwenye nyumba wa Lunyo hatakiwi tena kumpeleka mpangaji wake polisi kwa sababu ya anayelala naye. Sehemu kubwa ya sheria imebaki, kifo kikiwemo. Nairobi nako, Mahakama Kuu ilikataa tarehe 24 Mei 2019 kuvifuta vifungu vya mkoloni, ingawa Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mashoga wana haki ya kusajili chama chao. Mpaka huu uliotuzalia boda boda bado unavusha kila kitu, isipokuwa haki.

Msomaji, utakaposikia tena kisa cha mzee na kijana wake, uliza lile ambalo ungeuliza kuhusu sponsa na msichana: je, yule mdogo anaweza kuondoka akitaka? Wiki ijayo tutapita Malaba tuwafuate Waganda waliokimbilia kambi ya Kakuma.