Picha ya kiboko haihitaji umkaribie

Hapa Uvira nyumba nyingi sasa zina telefone yenye kamera, na watoto wanaijua kuliko sisi tulioinunua. Jumapili wanateremka kando ya ziwa, jioni wanarudi na picha za mitumbwi, ndege na viboko. Mimi nafurahi kuona mtoto anatazama nchi yake vizuri. Lakini wanafunzi wangu wanaponionyesha picha hizo, kuna moja inayonitia baridi: ile ambayo kiboko amejaza kioo chote. Kwa telefone zetu hizi, kiboko akijaa hivyo, mtoto alikuwa amesimama karibu mno.

Tuanze hapo. Kiboko mzima ana uzito unaopita kilo 1,000, na kwenye nchi kavu anakimbia kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu. Mchana analala majini. Giza likiingia anapanda kula majani, hata kati ya nyumba, na alfajiri anarudi. Hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji, au kati ya mama kiboko na mtoto wake. Na akipanua kinywa, watoto wanacheka wakisema anapiga miayo, wanakimbilia kupiga picha. Mara nyingi ule si usingizi. Anaonyesha meno ili mwondoke.

Basi picha ya kiboko inapigwaje? Kwa mbali, mchana, ukiwa mahali pa juu ambapo una njia ya kuondokea. Usijaribu kumvuta kwa vidole viwili kwenye kioo; telefone ya bei ndogo haimleti karibu, inakuza tu picha mpaka inakuwa ya ukungu. Mwache awe mdogo. Weka ndani ya picha maji, matete, mtumbwi na milima ya Burundi kule ng'ambo. Picha inayoonyesha mnyama na mahali anapoishi inasema mengi kuliko pua peke yake. Na flashi izimwe kabisa: mwanga wake unafika mita chache tu, haumwangazi mnyama aliye mbali, na aliye karibu unamshtua.

Kwa mtoto mdogo, ndege ni mwalimu mzuri zaidi. Yule mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani akipiga mabawa kabla ya kujitupa majini anarudi mahali pale pale mara nyingi. Mtoto akae chini, anyamaze, aelekeze kamera pale ndege anaporudia, asimfukuze. Viwiko vibanwe mbavuni au mgongo uegemezwe kwenye mwembe ili mkono usitetemeke. Na kabla ya yote, futa kile kioo kidogo cha nyuma kwa kikwembe safi. Telefone ya mama inakaa jikoni. Mafuta ya ndakala yaliyoganda pale ndiyo yanayofanya picha zote zionekane kama za moshi.

Kuhusu mwanga, mji wetu una tabia yake. Jua linatoka upande wa ziwa, linazama nyuma ya milima ya Mitumba. Kwa hiyo asubuhi, tangu saa 12 na nusu hadi saa 2, mwanga unaipiga milima yetu usoni, na kila bonde linaonekana. Jioni kivuli kinatufunika mapema, lakini ng'ambo bado kuna jua: hapo geukia ziwa. Saa 6 mchana acha telefone mfukoni, nyuso zinakuwa nyeusi na maji meupe. Ukipiga jua likichomoza, gusa kioo pale penye mwangaza ili kamera ipunguze ukali, na mstari wa maji unyooke, usiteremke kama paa bovu. Kiangazi kuna vumbi na moshi wa mashamba. Milima ya ng'ambo inapotea. Asubuhi baada ya mvua ya usiku ndiyo bora, hewa imeoshwa.

Mvua hiyo inanileta kwenye picha ambazo mimi naziona za maana zaidi. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, watu wakafa na nyumba nyingi zikabebwa. Miaka iliyofuata ziwa nalo likapanda, likaingia katika viwanja. Familia nyingi hazina hata picha moja ya kuonyesha maji yalikuwa wapi zamani. Chagueni mahali pamoja katika kila kartie: ukingo wa mto, korongo linalokula njia, ufuko. Wekeni alama ya kusimamia, jiwe au kona ya ukuta. Kila tarehe 1 ya mwezi mmoja wenu asimame hapo hapo, saa ile ile, kamera usawa wa kifua, na ndani ya picha kiwepo kitu kisichohama, kama mti au nguzo. Andikeni tarehe kwenye daftari la chama na mtumie picha hiyo kwa telefone mbili zaidi, maana telefone zinaibiwa. Miezi 6 ikipita mtaziweka kando kwa kando mbele ya shefu wa kartie. Mbele ya picha hizo, ni vigumu kuambiwa kwamba wamama wanazidisha maneno.

Waambieni watoto pia: askari, vizuizi, bandari na daraja havipigwi picha, hata kama ndege mzuri ametua juu yake. Wamsubiri atue kwenye matete.