Usiku wa Fataki Nagaoka

Hadithi nyingine huanza na "hapo zamani za kale". Hii ina tarehe na saa, nami nitawatajia tukishafika. Kwanza tupande treni ya mwendokasi pale Tokyo. Wadogo wakae dirishani, ingawa njiani kuna mahandaki mengi na humo hawataona kitu. Kabla ya saa mbili kwisha tunashuka Nagaoka, mji uliogawanywa na Shinano, mto mrefu kuliko yote Japani, kilomita 367.

Leo ni tarehe 2 Agosti, na joto ni la kunata mwilini. Wengi wanaoteremka mtoni wamevaa yukata, vazi jepesi la pamba lenye mkanda kiunoni. Mahindi ya kuchoma yapo pia, ila hapa hawapaki ndimu na pilipili. Wanapaka mchuzi wa soya. Onjeni, msikunje nyuso.

Tukae. Giza bado, kwa hiyo niwaambie kilichomo ndani ya fataki. Ni tufe la karatasi ngumu. Ndani yake fundi amepanga punje za baruti, moja moja kwa mkono. Kila punje imepakwa baruti tabaka juu ya tabaka na kukaushwa kila mara, ndiyo maana huweza kubadili rangi ikiwa bado inaungua. Chumvi za strontiamu hutoa nyekundu, za bariamu kijani, za shaba buluu, na buluu ndiyo inayowasumbua mafundi kuliko zote. Katikati hukaa baruti ya kupasulia. Kwa kuwa tufe ni duara, punje hutawanyika sawasawa pande zote, hivyo aliye ng'ambo ya mto huona duara lile lile unaloliona wewe.

Haya, zimeanza! Mbona za kwanza ni nyeupe tupu? Hapa ndipo tarehe yangu inapoingia. Tarehe 1 Agosti 1945, saa 4:30 usiku, ndege za Marekani ziliudondoshea mji huu mabomu ya moto. Watu zaidi ya 1,400 walikufa, wakiwemo watoto wa rika lenu. Mwaka uliofuata wenyeji walianzisha sherehe ya kuujenga upya mji wao, na ndiyo iliyotuleta leo. Nyeupe ni za kuwakumbuka waliokufa.

Sasa king'ora kinalia. Msiogope! Kinatangaza tufe kubwa, upana wake sentimita 90, uzito kilo 300. Linapanda mita 600 hivi, kisha linapasuka na kutanda mita 650. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde hadi mshindo ukufikie. Zidisha kwa 340, utapata umbali wake kwa mita.

Baadaye itakuja Phoenix, onyesho la fataki lililoanza 2005, mwaka mmoja baada ya tetemeko kubwa kulitikisa eneo hili. Hiyo usijaribu kuitazama yote kwa pamoja. Inajipanga kando ya mto karibu kilomita 2, na shingo haitoshi.

Zikiisha, washeni simu zenu mzipunge kuelekea ng'ambo. Mafundi wako kule gizani, nao watawapungia taa zao. Kisha okoteni taka zenu, tuwahi stesheni, maana umati wote huu unaelekea huko huko.